Kutoka Gobore la Babu hadi Cheti cha Pasiansi: Wana-Liwale na Kazi ya Kulinda Wanyamapori



Kijarida chetu cha harambee huwa na makala ya historia, na mwaka huu kamati imeniangukia mimi, ambaye kwa kawaida huandika ukurasa wa mapato na matumizi. Nimechagua kazi ambayo kwetu imebadilishwa majina mara nyingi: askari wa gemu, bwana nyama, askari wa wanyamapori, na siku hizi askari wa Jeshi la Uhifadhi. Sababu ni kwamba mfuko wa elimu tunaouchangia safari hii umekusudiwa vijana watakaosomea kazi hiyo, na mchangiaji ana haki ya kujua fedha yake inaingia wapi.

Tuanze na jambo ambalo wengine hupenda kulipitia kando. Wazee wetu walikuwa wawindaji. Wangindo waliishi kwa mashamba madogo, asali, nta, mpira wa porini na nyama ya porini, na pembe za tembo zilibebwa kwa miguu hadi Kilwa. Hakuna aliyeitwa jangili, kwa sababu hakukuwa na sheria ya kumfanya awe jangili. Sheria ilikuja mwaka 1896, Gavana Hermann von Wissmann alipotoa amri ya kudhibiti uwindaji katika koloni la Wajerumani na kutenga mapori ya akiba ya kwanza. Tangu hapo mtu aliyekuwa akiwinda nyuma ya nyumba yake alitakiwa awe na leseni.

Shuleni tulifundishwa kwamba Vita vya Maji Maji vilitokana na pamba na kodi. Wapo wanahistoria wanaoongeza kwamba kuzuiwa kuwinda, na kunyimwa njia ya kuwafukuza wanyama mashambani, kulikuwa pia sehemu ya manung'uniko yale. Kwa Liwale naona hoja hiyo ina uzito. Boma la Wajerumani la Liwale lilichomwa Agosti 1905, na mwezi huohuo Askofu Cassian Spiss na wenzake waliuawa katika nchi yetu. Adhabu iliyofuata ilikuwa kuchomewa vyakula, na njaa iliua wengi kuliko risasi. Vijiji vilihamwa. Palipokuwa na mashamba paliota miti, mbung'o wakarudi, na tembo nao wakarudi. Pori kubwa tunaloambiwa ni la asili, sehemu yake ni makaburi na mahame ya watu wetu.

Waingereza walipochukua nchi waliunda idara ya wanyamapori mwaka 1919, ikiongozwa na C. F. M. Swynnerton. Mwaka 1922 pori likapewa jina la Frederick Selous, mwindaji Mwingereza aliyepigwa risasi na kufa Beho Beho tarehe 4 Januari 1917, akiwa vitani dhidi ya Wajerumani. Yaani pori la hifadhi lilipewa jina la mtu aliyejulikana kwa kuua wanyama. Sisemi hivyo kwa kejeli. Ndivyo mambo yalivyokuwa, na inatusaidia kuelewa kilichofuata.

Mtu aliyekuja kuitawala kazi hii Liwale aliitwa C. J. P. Ionides, aliyeingia idara ya wanyamapori mwaka 1933. Wazee wanamkumbuka zaidi kwa nyoka, maana aliwakamata kwa maelfu na kuwapeleka kwenye makumbusho na bustani za wanyama za Ulaya na Marekani. Lakini kabla ya kuwa bwana nyama, Ionides mwenyewe aliwahi kuwinda tembo kwa magendo, na hakuficha. Kwa hiyo mlinzi mkuu wa pori letu alikuwa jangili aliyestaafu, na pengine ndiyo maana alithamini watu waliojua pori.

Kazi ya askari wa gemu siku zile haikuwa hasa kukamata majangili. Kubwa lilikuwa kulinda mashamba. Tembo walipoingia kwenye mtama au mahindi, kijiji kilituma mjumbe bomani na askari akatumwa na bunduki. Kusini mwa Tanganyika tembo waliuawa kwa maelfu kwa njia hiyo, na pembe zao ziliuzwa na serikali. (Kwa jicho la mhasibu, idara ile ilikuwa na mapato mazuri kutokana na mnyama iliyeambiwa imlinde.) Kigezo cha kuajiriwa kilikuwa kujua pori: kusoma nyayo na kusema zimepita lini, kujua upepo unavuma kutoka wapi, kumfuata mnyama aliyejeruhiwa bila kumwacha aue mtu. Mtoto wa mwindaji alikuwa na sifa zote hizo hata kama hakuwahi kushika kalamu. Gobore la babu ndilo lililokuwa chuo chake.

Upande wa pili wa hesabu ni mzito. Miaka ya 1940 serikali iliwahamisha watu wetu kutoka magharibi mwa Liwale na kuwakusanya kwenye makazi machache. Ugonjwa wa malale ulitajwa, tembo walitajwa, na Ionides alikuwa miongoni mwa waliotaka pori lipanuliwe. Selous ikaendelea kukua hadi ikafikia takriban kilomita za mraba 50,000. Ukoo mmoja ungeweza kuwa na kijana anayelipwa mshahara wa askari wa gemu, na mjomba wake akiambiwa afungashe vyombo ahame kwa sababu ya gemu hiyohiyo. Uhusiano wetu na hifadhi umekuwa na pande hizo mbili tangu zamani, na anayetaka tuuone wa upande mmoja hajakaa na wazee vya kutosha.

Uhuru ulibadilisha namna ya kuingia kazini. Septemba 1961 Mwalimu Nyerere alitoa Tamko la Arusha kuhusu wanyamapori, akaahidi kwamba nchi itawatunza na akasema wazi kwamba kazi hiyo inahitaji wataalamu na fedha. Chuo cha Mweka kikafunguliwa mwaka 1963 kwa ajili ya maofisa, na mwaka 1966 kikafuata chuo cha Pasiansi, Mwanza, kwa ajili ya askari. Kidogo kidogo, ujuzi wa kusoma nyayo ukawa haumtoshi mtu bila cheti.

Kisha zikaja nyakati mbaya. Katikati ya miaka ya 1970 Selous ilikuwa na tembo zaidi ya 100,000. Kufikia 1989 walibaki wapatao 30,000. Askari walikuwa wachache, magari mabovu, na bei ya pembe ilikuwa inapanda. Mwaka huo wa 1989 serikali ilianzisha Operesheni Uhai, jeshi, polisi na askari wa wanyamapori wakifanya kazi pamoja, na dunia ikakubaliana kupiga marufuku biashara ya pembe. Tembo wakaongezeka tena, halafu wimbi la pili likaja: sensa ya 2013 ilihesabu 13,084 tu katika ikolojia ya Selous na Mikumi. Oktoba mwaka huohuo ikaja Operesheni Tokomeza, ambayo ilisimamishwa baada ya malalamiko ya wananchi kuteswa na mali zao kuharibiwa, na mawaziri wanne wakapoteza nyadhifa.

Natua hapa kidogo, kwa sababu Tokomeza inaonyesha tofauti ya askari aliyefundishwa sheria na mtu aliyepewa bunduki tu. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009, mtu akipatikana na nyara za serikali anaweza kufungwa miaka 20 au zaidi. Kwa adhabu ya namna hiyo, makaratasi ni maisha ya mtu. Askari lazima ajaze hati ya ukamataji pale pale, mashahidi wasaini, kielelezo kiandikwe kila kinapopita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, thamani ya nyara itathminiwe, kisha asimame mahakamani ahojiwe na wakili. Akikosea, mwenye hatia anaachiwa, au asiye na hatia anaozea gerezani. Nani kati yetu hajui familia ya nyumbani yenye mtu aliyefungwa kwa kesi ya nyara? Hayo ndiyo yanayofundishwa chuoni pamoja na kwata na silaha.

Leo sura ya kazi ni nyingine. Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, ilianza kazi 2016. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere chini ya TANAPA. Taasisi hizi sasa zina mfumo wa kijeshi, wenye vyeo na nidhamu yake. Nafasi hutangazwa kitaifa, na kijana wa Liwale anashindana na kijana wa Arusha mwenye cheti mkononi.

Tunao vijana walioanza. Katika jumuiya ya hifadhi ya Magingo wapo askari wa vijiji, na kwa miaka mingi askari wa namna hiyo wamefundishwa kituo cha Likuyu Sekamaganga, Namtumbo. Wanafanya doria na wanafukuza tembo kwenye mihogo na mikorosho usiku. Lakini wengi hupata posho, si mshahara, na bila chuo hawapandi. Wakati huohuo tembo wamerudi mashambani kama enzi za babu. Kanuni za 2011 ziliweka kifuta jasho kisichozidi shilingi 100,000 kwa ekari, na kifuta machozi cha shilingi 1,000,000 kwa aliyeuawa. Mkulima anayepiga simu usiku anataka askari anayezijua njia za pale, anayejua shamba ni la nani na bonde linatokea wapi. Kwa maoni yangu huyo hupatikana kwa urahisi zaidi miongoni mwa watoto wetu.

Sasa fedha. Kijana aliyefaulu kidato cha nne akachaguliwa Pasiansi anahitaji ada, malazi, chakula, sare na buti, vipimo vya afya, na nauli ya kutoka Liwale hadi Mwanza, nusu ya nchi kwa basi. Wapo waliochaguliwa wakabaki nyumbani kwa sababu korosho hazikulipa mwaka huo. Mfuko utalipa ada moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, siyo mkononi mwa mzazi wala kiongozi wa tawi. Nauli na sare zitalipwa kwa stakabadhi. Kipaumbele watapewa wanaotoka vijiji vinavyopakana na hifadhi, wasichana wakiwemo, na waliowahi kujitolea doria za kijiji watapata alama za ziada. Hesabu zitasomwa kwenye mkutano mkuu, jina kwa jina, na vitabu vitakuwa mezani kwa yeyote atakayetaka kuvifungua. Fomu za ahadi zipo kwa makatibu wa matawi, na anayependa kulipa kidogo kidogo kila mwezi aandike hivyo kwenye fomu.