Theodisia: hoja ya uadilifu wa Mungu

Mwaka 1710 mwanafalsafa Mjerumani Gottfried Wilhelm Leibniz alitoa kitabu kwa Kifaransa mjini Amsterdam. Jina lake lilikuwa neno aliloliunda mwenyewe kutokana na Kigiriki: theos, yaani Mungu, na dike, yaani haki. Kwa Kiswahili tunaandika theodisia: jitihada ya kueleza jinsi Mungu mwema, mwenye uwezo wote, anavyobaki mwadilifu ilhali ulimwengu alioumba umejaa mabaya.

Anayelitafsiri neno kwa neno hupata "haki ya Mungu", na hapo hukwama. Mkristo akiyasikia maneno hayo humkumbuka Paulo na Waraka kwa Warumi, ambako mwenye dhambi huhesabiwa haki kwa imani. Mtaani ni kiapo. Tena haki kwetu ni stahili pia, kama tunaposema haki ya mtoto, hata mtu adhani tunazungumzia anachodai Mungu. Napendelea "hoja ya uadilifu wa Mungu". Uadilifu ni sifa ya mtendaji, na hoja hupimwa, yaweza hata kushindwa.

"Utetezi wa Mungu" nao haufai, kwa sababu nzito zaidi. Mwaka 1955 mwanafalsafa J. L. Mackie alidai kwamba kuwapo kwa Mungu mwema, mwenye uwezo wote, na kuwapo kwa mabaya ni mambo yanayopingana kimantiki. Alvin Plantinga, Mkristo wa Marekani, alimjibu katika kitabu cha mwaka 1974 kwa kutenganisha utetezi na theodisia. Utetezi huonyesha tu kwamba mambo hayo mawili yanaweza kuwapo pamoja. Sababu inayowezekana, kama hiari ya binadamu, inatosha. Theodisia hudai kuitaja sababu yenyewe ya Mungu. Tukiziita zote utetezi, msomaji ataamini Plantinga alijigamba kujua kwa nini mtoto fulani amekufa. Hakudai hivyo kamwe.

Kuna shida nyingine katika kuliita suala lenyewe "tatizo la uovu". Masikioni mwetu uovu una mwovu nyuma yake. Leibniz alitaja mabaya ya aina tatu: ukomo wa viumbe, maumivu, na dhambi. Neno uovu linaifaa hiyo ya mwisho tu. Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, Lisbon ilitikiswa na tetemeko waumini wakiwa ibadani, kisha bahari ikafurika na moto ukateketeza mji. Mwovu hapo ni nani? Mwandishi Voltaire aliikejeli falsafa ya Leibniz katika kitabu chake Candide mwaka 1759, akilitaja tetemeko hilo. "Tatizo la mabaya" hubeba yale yanayotendwa na watu na yale yanayowapata.

Msibani husemwa: kazi ya Mungu haina makosa. Wapo watakaoiita hiyo theodisia ya Kiswahili, nami nakataa. Msemo huo haumpi mfiwa sababu yoyote. Humwachia Mungu jambo lake. Waliotoa sababu, katika Biblia, ni rafiki zake Ayubu, walioshikilia kwamba anateseka kwa dhambi zake. Sura ya 42 ya Kitabu cha Ayubu inaeleza kwamba hasira ya Mungu iliwaka juu ya rafiki hao, Elifazi na wenzake wawili, wala si juu ya Ayubu aliyelalamika.