Pancha ya mashine ya majani, na deni langu kwa fundi pancha

Najua nimewatupa, na wengine mmeniandikia mkidhani nimerudi Bongo kimya kimya. Sijarudi, ni zamu za usiku tu. Leo nimepata nafasi, nawaletea stori ya pancha. Msicheke, ina historia ndani yake.

Jumamosi nimetoka kazini saa moja asubuhi, nikasema kabla sijalala nikate majani. Miji mingi ya huku, nyasi zikizidi urefu unaandikiwa barua na manispaa. Natoa mashine yangu, ile ya kukalia kama trekta dogo, naona tairi la mbele limekaa chini kama chapati. Napiga simu dukani, naambiwa gharama ya kuja kuichukua na kuirudisha. Jamani, inazidi bei ya tairi jipya!

Nikampigia mzee Morogoro.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Hujalala tu?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka akakohoa. "Digrii unayo, pancha inakushinda? Chukua maji ya sabuni kwanza, utafute upepo unapotokea."

Baba yangu ni fundi pancha. Miaka thelathini na zaidi amekaa chini ya mwarobaini kando ya barabara, na beseni la maji, pampu na tairi bovu lililoandikwa PANCHA kwa rangi nyeupe. Ada ya shule yangu ilitoka hapo. Lakini nilipojaza fomu ya chuo cha uuguzi, kwenye kazi ya mzazi niliandika "mfanyabiashara". Niliona aibu. Leo nataka kusema kwa nini nilikosea.

Naishi karibu na Akron, Ohio. Mji huu ulijulikana kama mji mkuu wa mpira duniani. Goodrich walianza hapa mwaka 1870, Goodyear 1898, Firestone 1900. Kampuni ya Goodyear haikuanzishwa na Charles Goodyear, ilichukua jina lake tu. Yeye alifariki mwaka 1860 akiwa na madeni. Alichogundua mwaka 1839 ni kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kupata moto hauyeyuki tena wakati wa joto wala haukakamai wakati wa baridi. Inasimuliwa kwamba mchanganyiko ulimdondokea kwenye jiko.

Sasa mkumbuke baba yangu anavyochoma pancha. Anaukwangua mpira kwa msasa, anaweka kiraka cha mpira mbichi, juu yake anabana pistoni kuukuu ya lori, anamimina mafuta ya taa kidogo, anawasha. Moto ukizima, kiraka na tyubu vimekuwa kitu kimoja. Wasomaji, hilo ndilo jiko la Goodyear! Mimi nililiona kila siku nikidhani ni ujanja wa watu maskini.

Tairi lenye upepo nalo lina mambo. Mskoti Robert William Thomson alilisajili mwaka 1845, likasahaulika. Mwaka 1887 daktari wa mifugo wa Belfast, John Boyd Dunlop, akaliunda upya kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Akasajili mwaka 1888, halafu hati yake ikabatilishwa kwa sababu Thomson alimtangulia. Na hapo ndipo pancha ilipoanza kusumbua, kwani tairi zile ziligundishwa kwenye rimu. Mwaka 1889 mwendesha baiskeli alipeleka tairi lake bovu kwenye karakana ya ndugu wa Michelin kule Clermont-Ferrand, Ufaransa. Kulibandua kulichukua masaa, na gundi ikabidi ikauke usiku kucha. Mwaka 1891 wakaja na tairi la kuvuliwa na kurudishwa, na mwaka huohuo Charles Terront akashinda nalo mbio za Paris hadi Brest na kurudi. Kwa hiyo tairi tunalolivua kwa urahisi leo lilizaliwa kwa sababu ya pancha.

Ila kuna sehemu siwezi kuiruka. Mpira wa baiskeli na magari yale ulitoka wapi? Sehemu yake ilitoka Kongo, iliyokuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold II kuanzia 1885 hadi 1908. Wanakijiji walilazimishwa kugema utomvu wa mimea ya porini inayotambaa. Kiasi kisipotimia, wake zao walishikwa mateka, watu waliuawa, mikono ilikatwa. Mwaka 1904 mmisionari Alice Seeley Harris alimpiga picha baba mmoja, Nsala, amekaa akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo. Mimi kazini naona majeraha kila siku, lakini picha ile nimeshindwa kuitazama mara mbili. Kumbukeni, miaka hiyohiyo, kuanzia 1889 na 1890, daktari William Halsted wa Baltimore aliagiza glovu za mpira kwa sababu dawa ilikuwa inamuunguza mikono muuguzi wake, Caroline Hampton. Navaa glovu kila zamu. Hili nalifikiria.

Turudi uani. Mashine ya kwanza ya majani, ya Edwin Budding wa Uingereza mwaka 1830, ilikuwa chuma kitupu, haikujua pancha. Hizi za leo nyingi zina tairi za tyublesi, na Goodrich wa hapahapa Akron walipata hati yake mwaka 1952. Hazina tyubu, upepo unazuiwa na mdomo wa tairi kubana rimu.

Nikainua mashine kwa jeki, nikapaka sabuni. Povu likatoka sehemu mbili: kwenye tundu la msumari, na kwenye rimu iliyopata kutu. Tundu nikaliziba kwa utepe wa mpira unaonata, unaouzwa na sindano yake. Rimu nikaisugua msasa. Lakini pampu ikagoma, upepo wote unapita pembeni. Baba akasema, "Lifunge kamba kiunoni." Nikazungusha mkanda wa kufungia mizigo katikati ya tairi, nikakaza mpaka midomo ikatanuka ikagusa rimu, nikapaka sabuni, nikapampu. Ulipoanza kushika nikafungua mkanda, nikaendelea. Pa! Likakaa. Usizidishe upepo ulioandikwa ubavuni mwa tairi, hizi ndogo zinataka kidogo sana. Rimu ikiwa imeoza, weka tyubu ndani. Na wale wanaomwaga petroli na kuwasha ili tairi lijae, nawaomba msifanye. Wanaoungua wanaletwa kwetu.

Nilipomaliza nikamwambia baba habari ya ile fomu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kwani uongo? Nilikuwa nauza upepo."

Majani nimekata. Tuonane zamu ikiruhusu.