Vilele 15, siku moja, na binti aliyeogopwa na mfalme

Wadau, kuna watu wakipata likizo wanakwenda ufukweni. Wengine wanakwenda Wales kujitesa. Kaskazini mwa nchi hiyo, katika milima ya Eryri, kuna vilele 15 vinavyozidi futi 3,000 (kama meta 914), na shughuli yenyewe ni kuvipanda vyote ndani ya saa 24. Kutoka cha kwanza hadi cha mwisho ni kama kilometa 40, na hakuna lami!

Wengi huanzia Yr Wyddfa, mlima mrefu kuliko yote Wales, meta 1,085. Muda si mrefu unafika Crib Goch, ukingo mwembamba wa mwamba wenye shimo huku na huku, mahali ambapo watu wazima na akili zao hujikokota kwa makalio. Unashuka hadi bondeni, unaanza upya na Elidir Fawr, unapita kwenye mawe ya Glyder Fawr na Glyder Fach, kisha Tryfan, ambao unaupanda kwa mikono na miguu. Halafu unashuka tena. Mwaka 1938 Thomas Firbank, mfugaji wa kondoo wa huko huko, alimaliza vilele vyote kwa saa 8 na dakika 25. Mwaka 1988 Colin Donnelly alitumia saa 4 na dakika 19, rekodi iliyodumu hadi 2019.

Lakini mimi si mtu wa rekodi. Kilichonivuta ni majina ya sehemu ya mwisho ya safari, pale magoti yanapokuwa yameshakata tamaa: Carnedd Dafydd, Carnedd Llywelyn, Carnedd Gwenllian. Carnedd kwa Kiwelisi ni rundo la mawe. Hayo mengine ni majina ya watu, tena wa ukoo mmoja.

Llywelyn ap Gruffudd alikuwa mtawala wa mwisho wa Wales huru. Juni 1282 mkewe, Eleanor de Montfort, alifariki akimzaa Gwenllian, mtoto wao wa pekee, huko Abergwyngregyn. Desemba 11 mwaka huo huo Llywelyn akauawa na askari wa Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza, na kichwa chake kikapelekwa London. Mdogo wake, Dafydd, akaendeleza vita hadi alipokamatwa Juni 1283. Oktoba akanyongwa na kukatwa vipande mjini Shrewsbury. (Wapo wanaosema Llywelyn wa mlima ni babu yao, Llywelyn Mkuu. Ukoo ni ule ule.)

Akabaki kichanga. Edward aliamuru Gwenllian apelekwe Sempringham, kwenye nyumba ya watawa mashariki mwa Uingereza, mbali na kwao. Kwa nini mfalme mwenye majeshi na ngome amwogope mtoto wa kunyonya? Kwa sababu angekua, angeolewa, angezaa, na mtoto wake angeweza kudai nchi. Watawa hawazai. Alikaa humo hadi alipofariki, Juni 1337, akikaribia kutimiza miaka 55. Watoto wa kiume wa Dafydd walifungwa katika ngome ya Bristol, na mwaka 1305 Edward aliagiza mmoja wao, Owain, awe analazwa usiku ndani ya kizimba cha mbao. Na kile cheo cha Llywelyn? Mwaka 1301 Edward alimpa mwanawe, na mpaka leo hupewa warithi wa kiume wa kiti cha Uingereza.

Kwa hiyo kwa karne nyingi milima ilikuwa na Llywelyn na Dafydd, ila binti hakuwepo. Kilele chake, chenye meta 926, kiliitwa Garnedd Uchaf, yaani rundo la juu, jina lisilo na mwenyewe. Chama cha kumkumbuka kikapiga kelele hadi 2009 jina lake likaingia kwenye ramani za Ordnance Survey, idara ya ramani ya Uingereza. Miaka 672 baada ya kifo chake!

Ukitoka kwa Gwenllian kinabaki kimoja tu, Foel-fras. Hapo saa inasimamishwa. Mbele yako, kaskazini, milima inateremka hadi baharini, na chini pale ndipo Abergwyngregyn, alipozaliwa. Wewe bado una kazi ya kushuka kwa miguu hadi barabarani.