Kabla Hujapanda Boti: Wenzetu Walichaguaje Mji?

 

Wiki iliyopita alikuja dukani kwangu msichana kujaribu baibui lake. Kamaliza kidato cha sita na matokeo yake mazuri, mashallah. Huku namtia pini za pindo akaniuliza, "Dada, mji gani mzuri wa kuhamia?" Mama yake anataka aende Unguja akasome. Kaka yake anamwita Dar es Salaam kwenye biashara. Shangazi yake aliyeko Muscat anasema kazi za ndani zipo, na mchumba atampata huko huko. Elimu, riziki na mume, kila kimoja kimewekwa mji wake!

Siku ile sikuwa na jibu. Nimekaa na charahani yangu nikifikiri, na jibu nimelikuta katika historia. Wenzetu walihama kabla yetu, tutazame walichaguaje.

Tuanze na Hijra, mwaka 622. Mtume wetu (S.A.W.) hakuuhama mji wa Makka kwa pupa. Baadhi ya masahaba walitangulia Uhabeshi. Yeye mwenyewe alikwenda Taif, wakamfukuza kwa mawe. Madina ilikuja kwa maandalizi. Mus'ab bin Umayr alitumwa mbele, akafundisha dini na kuwajua watu wa mji. Kisha watu wa Madina wakaja Aqaba kuahidi kwamba watamlinda, na katika ahadi ya pili walikuwemo wanawake wawili, Nusayba binti Kaab na Asma binti Amri. Basi mji ule ulichaguliwa kwa watu wake.

Mmoja wa waliohama ni Abdulrahman bin Auf, aliyefika Madina mikono mitupu. Saad bin Rabii, Ansari aliyeunganishwa naye udugu, akataka kumgawia nusu ya mali yake. Abdulrahman akamwombea baraka, akauliza soko liko wapi. Akauza jibini na samli, na haukupita muda mrefu akaoa. Tazameni mpango ule: kwanza mwenyeji mwema, kisha kazi, kisha ndoa.

Sasa njooni kwetu visiwani. Utumwa ulifutwa kwa sheria Zanzibar mwaka 1897, lakini masuria hawakuguswa na sheria ile mpaka mwaka 1909. Watu wengi waliokuwa watumwa waliyaacha mashamba wakahamia Ng'ambo, upande wa pili wa mji wa Unguja, na wanawake walikuwa wengi miongoni mwao. Kwa mara ya kwanza mwanamke aliyekuwa mali ya mtu aliweza kuchagua mtaa wa kukaa.

Mwaka 1911 alihamia mjini mwanamke wa Fumba, kizazi cha watumwa, Siti binti Saad. Nyumbani kwao walifinyanga vyungu, naye alivichukua kwa miguu kwenda kuviuza mjini. Kwa hiyo siku aliyohamia, mji hakuwa mgeni nao. Alishaujua kwa jua na kwa mvua, na mzigo kichwani. Huko akapata mwalimu, Ali Muhsin, aliyemfundisha kuimba, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurikodi nyimbo zake. Kama muziki si jambo lako, sawa, mimi natazama njia yake tu. Alikwenda mahali penye mtu wa kumfundisha.

Elimu ya skuli nayo ilikuwa na mji wake. Skuli ya kwanza ya serikali ya wasichana ilifunguliwa mjini Unguja mwaka 1927. Kwa mtoto wa Pemba ilikuwa lazima kuvuka bahari, na mzazi gani wa zama hizo angemwacha binti avuke bila kujua atalala kwa nani? Leo Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kina tawi mpaka huku Pemba. Anayevuka sasa anavuka kwa kuchagua.

Na sisi Wapemba tusijione watu wa kuondoka tu. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, na tangu hapo karafuu nyingi zaidi zikatoka kwetu. Watu walikuja huku kutafuta maisha, wenye mashamba na wachumaji. Mahali panaponuka umasikini leo kesho panaweza kunukia, kwa hiyo asitukanwe anayebaki.

Lakini lipo jambo moja ambalo mwenyeji mwema peke yake halimalizi, nalo ni karatasi. Jamaa zetu waliohamia pwani ya Kenya, Kwale na Kilifi, walikuwa na bahari ya kuvua, majirani na hata wake. Wamezaa watoto na wajukuu kule. Ila bila kitambulisho, mtoto anakwama masomoni, huwezi kufungua akaunti benki wala kusajili laini ya simu. Serikali ya Kenya iliwatambua rasmi kuwa kabila la Kenya mwaka 2023. Wengine walizaliwa na kuzeeka wakisubiri.

Muscat ni hivyo hivyo. Baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, Wazanzibari wengi wenye asili ya Oman walihamia kule wakapata uraia na kazi za heshima, na Kiswahili chao kinasikika mpaka leo. Msichana anayekwenda leo kwa kazi za ndani anashukia uwanja ule ule, lakini kibali chake kimefungwa kwa tajiri wake. Akigombana naye, hana ruhusa ya kwenda kugonga mlango mwingine. Mji ni mmoja, maisha ni mawili.

Hadithi ya nia tunaijua sote: aliyehama kwa ajili ya dunia au ndoa, hijra yake ni kwa hicho alichokifuata. Kutafuta mume wa halali si dhambi. Lakini mume anayeahidiwa kwa simu, ambaye walii wako hajamuona, hawezi kuwa sababu ya kupanda ndege.

Basi mdogo wangu, jibu langu ndilo hili. Usiniulize mji gani mzuri. Uliza: nitalala kwa nani? Nitajifunza nini mkononi mwangu? Karatasi yangu itaandikwa nini? Mji wowote unaokujibu yote matatu ni mzuri, hata ukiwa Chake Chake.

Alirudi juzi kuchukua baibui, nikamwambia haya. Akamwomba shangazi yake amtumie mkataba wa kazi ausome kwanza. Mpaka naandika, shangazi hajajibu. Msichana kajaza fomu za chuo Unguja, na binamu ya mama yake anamsafishia chumba.

Allah amfungulie kheri, naye na mabinti zetu wote. Amin.