Dakika 18 na Nusu: Siku Moja ya Rais Nixon



Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, nayo imo katika Suratul Baqara, haikushuka kuzungumza juu ya Sala wala Saumu. Imeshuka juu ya deni. Inatuamrisha tukikopeshana tuandike, na mwandishi aandike kwa uadilifu, na pawepo mashahidi, wala tusione uzito kuandika liwe deni dogo au kubwa. Wazee wetu wa pwani waliifahamu vyema amri hii. Ndiyo maana katika masanduku ya nyumba nyingi za Lamu, Mombasa na Unguja hukutwa hati za viwanja na mashamba zilizoandikwa kwa khati za Kiarabu, pamoja na majina ya mashahidi waliokwisha kufa zamani, na hati hizo zimeamua magomvi ya wajukuu ambao mashahidi hao hawakuwaona.

Basi ikiwa mnazi na kiwanja vinastahili kuandikwa, je, mambo ya mtu aliyepewa amana ya taifa zima? Nataka leo tuitazame siku moja tu ya mtu wa namna hiyo, tuone jinsi inavyoweza kujengwa upya kwa makaratasi ya serikali, na mahali ambapo makaratasi yenyewe yananyamaza.

Siku hiyo ni Jumanne, tarehe 20 Juni 1972. Mahali ni Washington, mji mkuu wa Marekani, na mtu mwenyewe ni Richard Nixon, aliyekuwa rais wa nchi hiyo. Alfajiri ya Jumamosi iliyotangulia, tarehe 17, watu watano walikamatwa ndani ya ofisi za chama cha upinzani, chama cha Democratic, katika jengo liitwalo Watergate. Walikuwa na vyombo vya kunasia maneno ya watu. Mmoja wao alikuwa akisimamia ulinzi katika kamati ya kumchagua tena Nixon. Rais hakuwapo mjini siku hiyo. Alirudi Jumatatu usiku, kwa hiyo Jumanne ndiyo siku ya kwanza aliyokaa na watu wake ofisini baada ya shauri lile kutokea. Kila aliyetaka kujua rais alikuwa na khabari gani, na tangu lini, alianzia hapo.

Tunajuaje alivyoipitisha siku ile? Kwanza kuna daftari la siku la rais. Hilo hakuliandika yeye. Walinzi wake waliandika kila alipotoka chumba hata chumba. Waendesha simu waliandika nani kapiga, nani kapigiwa, saa ngapi, na mazungumzo yamekwisha saa ngapi. Makarani wa mlangoni waliandika nani kaingia na nani katoka. Kisha vipande hivyo vyote vilikusanywa na mtu wa Idara ya Nyaraka za Taifa, akavipanga dakika kwa dakika tangu rais alipoamka mpaka alipolala.

Waliosoma elimu ya Hadithi watalitambua jambo hili upesi. Maimamu wetu hawakuridhika na khabari kwa kuwa ni nzuri ya kusikia. Waliuliza: nani kaipokea, kutoka kwa nani, je, walikutana, je, alikuwa mwaminifu, je, alikuwa na haja ya kusema uwongo? Na khabari iliyopokewa na watu wengi kwa njia mbalimbali, ambao haiwezekani wote kupatana juu ya uwongo, waliipa daraja ya juu. Sisemi kwamba daftari la walinzi wa Washington ni sawa na isnadi za Bukhari, Mwenyezi Mungu apishe mbali. Nasema kanuni ni moja. Mlinzi aliyeandika kwamba mtu fulani kaingia saa fulani hakuwa akimwandikia hakimu wala mwanahistoria. Alikuwa akitimiza kazi yake ya siku ile. Ushahidi wake una nguvu kwa sababu hiyo hasa.

Basi daftari linasema hivi, nami nageuza saa ziwe za kwetu. Asubuhi ile, tangu karibu na saa 4 na nusu, rais alikuwa na mshauri wake John Ehrlichman katika ofisi yake ya pili, iliyokuwa katika jengo la zamani la serikali jirani na Ikulu. Ehrlichman akatoka. Saa 5 na dakika 26 akaingia H. R. Haldeman, mkuu wa watumishi wa Ikulu na mtu wa karibu kabisa na rais, akakaa naye mpaka saa 7 kasorobo. Alasiri akaja Charles Colson, wakazungumza zaidi ya saa nzima. Saa 12 na dakika 8 za jioni rais alimpigia simu John Mitchell, aliyekuwa mkuu wa ile kamati ya uchaguzi. Walisema kwa muda wa dakika nne tu.

Hayo ni ya daftari: nani na lini. Maneno yaliyosemwa hayamo. Hapa ndipo panapoingia shahidi mwingine, na shahidi huyu aliwekwa na Nixon mwenyewe.

Tangu Februari 1971 rais huyu alikuwa ametega mashine za kunasa sauti katika ofisi zake na katika simu zake. Hazikuhitaji mtu wa kubonyeza kitu. Mtu akifungua mdomo, mashine ikazinduka. Waliojua ni wachache mno: yeye, Haldeman, wasaidizi wawili watatu, na mafundi wa kikosi cha walinzi. Mawaziri, wageni, mabalozi, hata rafiki zake, walikaa kitini wakasema, wasijue kwamba kila neno linahifadhiwa. Wala hakuwa rais wa kwanza kufanya hivyo, kwani Kennedy na Johnson nao walinasa sauti kabla yake, lakini hakuna aliyenasa nyingi kama yeye: kiasi cha saa 3,700. Siri hiyo ilifichuka tarehe 16 Julai 1973, pale msaidizi wake wa zamani, Alexander Butterfield, alipoulizwa na kamati ya Baraza la Seneti akajibu kweli.

Ndipo mwendesha mashitaka maalumu alipodai mikanda ya siku chache alizozichagua, na mmojawapo ukawa mkanda wa asubuhi ya tarehe 20 Juni 1972. Baada ya mvutano mrefu, uliomgharimu mwendesha mashitaka huyo kazi yake, mawakili wa rais walikwenda kwa hakimu John Sirica mwezi wa Novemba 1973, wakamweleza kwamba mkanda upo, lakini una kasoro. Haldeman anasikika akiingia na kuanza kusema. Baada ya dakika chache maneno yanakatika, na badala yake ni mvumo, kama mvumo wa nyuki, kwa muda wa dakika 18 na nusu. Kisha sauti zinarudi, na mazungumzo ni ya mambo mengine.

Katibu wa rais, Rose Mary Woods, aliyekuwa amemtumikia kwa zaidi ya miaka 20, alisema mahakamani kwamba huenda ni yeye aliyefuta kipande kwa makosa. Simu ililia alipokuwa akiinakili kanda hiyo. Akanyoosha mkono kuipokea, na mguu ukabaki juu ya kiguso cha mashine. Lakini hata yeye alikiri kosa la dakika tano hivi, si 18. Hakimu akaweka wataalamu sita wa sauti. Mnamo Januari 1974 wakatoa shauri lao: ufutaji haukuwa mmoja, ulikuwa mara tano kwa uchache, na kila mara vitufe vya mashine vilibonyezwa kwa mkono. Hakuna hata mtu mmoja aliyeshitakiwa kwa kufuta.

Sasa tazama, ndugu msomaji, maajabu ya mambo. Haldeman alikuwa na mazoea ya kuandika kwa kalamu wakati rais akisema, na karatasi zake mbili za mkutano ule hazikuguswa na mtu. Zimo humo alama kwamba shauri la Watergate lilizungumzwa. Wapo waliotaka kujua watajibu mashambulio namna gani mbele ya watu. Na limo agizo moja ambalo kila nilifikiripo hushindwa kucheka na kushindwa kulia: kwamba ofisi ile ikaguliwe vizuri wakati wote, isije ikawa imetegwa vyombo vya kusikilizia. Ofisi ile ile! Mashine ya mwenye ofisi ilikuwa ikizunguka wakati huo huo.

Vivyo hivyo kwa ile simu ya jioni. Rais aliipiga kutoka nyumbani, kwa simu ambayo haikuunganishwa na mashine, kwa hiyo hakuna mkanda. Lakini Nixon alikuwa na desturi ya kusema kumbukumbu zake katika chombo kidogo cha kunasa sauti, na katika kumbukumbu ya siku ile aliitaja simu hiyo na majuto ya Mitchell kwa kutowachunga watu wake. Hapo napo, katikati, pana kimya kifupi. Haldeman naye alikuwa na shajara yake, iliyochapishwa mwaka 1994 baada ya kufa kwake, nayo inalitaja shauri hilo siku hiyo. Kwa hiyo mtu akizipanga karatasi hizi pamoja, yaani daftari, mwandiko wa Haldeman, shajara, mkanda wa alasiri wa Colson ambao ulisalimika, na ile kumbukumbu ya jioni, anapata siku nzima yenye tundu moja, na kingo za tundu hilo zinaonekana wazi.

Katika baraza zetu tumezoea kulijaza tundu la namna hii haraka. Mmoja atasema hapo ndipo rais alipokiri kwamba aliwatuma wezi. Mwingine ataapa kwamba walitaja mauaji au fedha. Lakini katika Suratul Hujurat kuna aya moja inayokataza mambo matatu pamoja: dhana nyingi, upelelezi wa siri za watu, na kusengenyana. Tunafurahi kumsomea Nixon lile la pili, kwani ndilo lake. Aliwapeleleza wageni wake wote, kisha yakamrudia. Lile la kwanza ni letu sisi wasomaji wa khabari zake. Kufutwa kwa maneno ni jambo lililothibiti. Yaliyofutwa hayakuthibiti. Mwandishi wa historia anayeyachanganya mawili haya huwa amemdhulumu maiti, hata awe maiti aliyedhulumu.

Wala haikuhitajiwa kumdhulumu. Wengi husema mkanda uliofutwa ndio uliomwangusha. Sivyo. Aliyemwangusha ni ndugu yake, mkanda ambao haukufutwa, wa siku tatu baadaye. Tarehe 23 Juni 1972, saa 4 na dakika 4 za asubuhi, Haldeman aliingia tena kwa rais, na humo anasikika Nixon akikubali kwamba wakuu wa shirika la ujasusi, CIA, watumiwe kuwaambia wapelelezi wa FBI waache kuifuatilia njia ya fedha za wale wezi. Mkanda huo aliukatalia mpaka mwisho. Tarehe 24 Julai 1974 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikamwamuru autoe, kwa kauli moja ya mahakimu wanane, na watatu katika wanane hao yeye ndiye aliyewateua. Hukumu ya namna hiyo, dhidi ya mtu aliyekupa cheo, ni nadra kwa Waislamu na kwa wasio Waislamu. Mkanda ulitolewa tarehe 5 Agosti. Tarehe 9 Agosti akaondoka madarakani.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba ushahidi wote huu ulikaribia kupotea. Tangu rais wao wa kwanza, desturi ya nchi hiyo ilikuwa kwamba makaratasi ya rais ni mali yake, huondoka nayo kama aondokavyo na nguo zake. Septemba 1974 serikali ilifanya mapatano na Nixon ambayo yangemwezesha baadaye kuamuru mikanda iteketezwe. Desemba mwaka huo huo bunge lao likapitisha sheria ya kuizuia mikanda na nyaraka zake zikae mikononi mwa serikali. Alishitaki, akashindwa mwaka 1977. Mwaka 1978 ikatungwa sheria nyingine, kwamba nyaraka za kazi za marais watakaoingia tangu 1981 ni mali ya taifa, na rais ni mwenye kuzishika tu. Kwa lugha yetu tungesema zimegeuka kutoka milki zikawa amana.

Kuzitoa kwa watu kulichukua miaka mingi, kwani watunza nyaraka walipaswa kusikiliza kila mkanda. Vipande vya mambo ya nyumbani kwake tu, ya mke na watoto, walivitoa wakavirudisha kwa wenyewe, na katika hilo walifanya sitara. Mikanda ya mwisho ilifunguliwa kwa watu mwaka 2013, miaka 19 baada ya kufa kwake. Leo mtu anaweza kuisikiliza katika maktaba yenye jina la Nixon, mjini Yorba Linda katika jimbo la California.

Na zile dakika 18 na nusu? Mwaka 2001 Idara ya Nyaraka iliita mafundi wapya wenye vyombo vipya, wajaribu kuyafufua maneno. Waliwapa mikanda ya majaribio iliyofutwa kwa mashine ya namna ile ile, kwa kuuonea huruma mkanda wa asili usije ukachakaa. Mei 2003 mkuu wa idara alitangaza kwamba hakuna aliyefaulu. Mwaka 2009 wakazichunguza karatasi mbili za Haldeman, kutafuta alama za kalamu zilizopenya kutoka karatasi nyingine iliyokuwa juu yake. Mkanda wenyewe, unaojulikana kwa nambari 342, haukutupwa. Umefungiwa katika chumba chenye baridi ya kipimo, ukisubiri fundi atakayekuja na elimu ambayo bado haijapatikana.