Usiku wa Peshtigo

Miaka yote nilijua moto mkubwa wa Marekani wa 1871 ni ule wa Chicago, ulioua watu kama 300. Kumbe usiku uleule, Oktoba 8, mji wa Peshtigo, Wisconsin, uliteketea. Huko na vijiji jirani walikufa zaidi ya 1,200.

Ukame ulikuwa umekausha kila kitu. Bado wakulima walichoma visiki kusafisha mashamba, na wajenzi wa reli wakachoma vichaka. Vimoto vya kawaida tu, mpaka upepo ukaja. Watu walijitosa mtoni. Wengine wakafia humo kwa baridi.

Shosho yangu, kabla ya kuchoma majani shambani, alipima upepo kwanza. Ukivuma, alirudisha kiberiti mfukoni: “Si leo.”

Mimi nilidhani ni uoga.