Nguva, Pimbi na Watu wa Jarife

Pimbi anayeota jua juu ya majabali ya Singida ana jamaa yake baharini. Wanasayansi wanamweka nguva katika ukoo mmoja na pimbi na tembo, ingawa mmoja anaruka mawe na mwingine anakula nyasi za baharini. Hivyo hata msomaji wa Sepuka, wilayani Ikungi, aliye mbali sana na pwani, ana haki ya kusimuliwa habari za mnyama huyu na za watu waliofanya kumlinda kuwa kazi ya maisha.

Kazi hiyo ilizaliwa kwenye nyavu. Katika miaka ya 1960, jimbo la Queensland, Australia, lilitega nyavu kuwakinga waogeleaji na papa. Nguva nao wakanasa. Nguva hupumua hewa kama sisi. Akizuiwa kupanda juu kwa dakika chache, hufa maji. Mizoga ilipelekwa Chuo Kikuu cha James Cook mjini Townsville, na huko ndiko mwanasayansi Helene Marsh alikojenga elimu yake ya nguva tangu miaka ya 1970. Kwa kuhesabu tabaka za pembe za nguva, ilibainika kwamba anaweza kufikisha miaka 70. Jike hubeba mimba zaidi ya mwaka mmoja, huzaa mtoto mmoja, na hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena. Kundi la namna hiyo halihimili hata vifo vichache kwa mwaka.

Afrika Mashariki ililipa gharama ya hesabu hiyo. Mwaka 1967 iliripotiwa kundi la nguva wapatao 500 kusini mwa pwani ya Kenya. Ndege za watafiti zilipopita juu ya pwani hiyo miaka ya 1990, walioonekana walihesabika kwa vidole.

Nchini Tanzania, jina linalotajwa kwanza ni la mtafiti Catharine Muir. Yeye na wenzake walitoa mwaka 2003 tathmini ya kitaifa kuhusu nguva, na shirika la Sea Sense, lililoanza mwaka 2001, likaendeleza kazi hiyo vijijini. Kwa mnyama adimu kiasi hicho, darubini haitoshi. Ilibidi kwenda madikoni kuwauliza wavuvi: ulimwona wapi, lini, alinasa katika wavu gani? Majibu yao yalielekeza kwenye maji ya Rufiji, Mafia na Kilwa, na yakataja jarife, wavu wa macho makubwa, kuwa muuaji mkuu.

Magharibi mwa bara, binamu yake, nguva wa mtoni, amepata mtetezi Mkameruni, Aristide Takoukam Kamla. Katika Ziwa Ossa, nchini kwao, gugumaji lilitanda hadi kuwafungia njia wavuvi na nguva pamoja. Dawa yake ilikuwa fukusi, mdudu anayekula gugu hilo tu. Mkulima wa Sepuka anamjua fukusi kama mwizi wa ghalani; huko Ossa wamefuga jamii yake na kuwaachia ziwani kwa makusudi, na maji yakaanza kufunguka.

Mwaka 2022, shirika la uhifadhi la IUCN lilimweka nguva wa Afrika Mashariki katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, wazima wakikadiriwa kuwa chini ya 250. Hapo ndipo ugumu wa kazi hii unapoonekana. Kuvua nguva ni kosa kisheria, na mvuvi anayesema "juzi alininasia" anatoa ushahidi dhidi yake mwenyewe. Akiogopa, nyama italiwa kimyakimya na mtafiti hatakuwa na cha kuandika. Kijana wa Ikungi anayeota taaluma hii atayasoma mambo ya bahari katika Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar. Lakini ramani ya nguva imo vichwani mwa watu wa jarife, na hawaitoi kwa wasiyemwamini.